Kilo za Kuvusha

Asubuhi iliingia katika zahanati ile kwa dirisha moja tu, lile lililo juu ya mizani, na kwa hiyo kila aliyepanda kupimwa alisimama ndani ya mwanga kama mtu aliyeteremshwa kutoka juu. Vumbi lilielea likimzunguka. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukatulia. Mwanamke aliyekaa hapo kwenye kigoda, kalamu yake ya bluu imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha koti jeupe, alikuwa ameutazama mshale ule kwa miaka kumi na mmoja, na bado ulimlegeza macho kila siku, kama mtu anayetazama maji yakitulia ndani ya beseni.

Walimwita Mama Mizani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kabatini.

Kazi yenyewe mtu angeweza kuieleza kwa pumzi moja. Mgonjwa anafika, anaonyesha daftari lake kwa karani dirishani, anakuja kwa Mama Mizani, anavua viatu, anapanda. Kilo zinaandikwa mara mbili: kwenye daftari la mgonjwa, analorudi nalo kwake, na kwenye rejesta kubwa ya zahanati, isiyotoka mlangoni. Kisha joto, kisha benchi, kisha daktari.

Kilichozidi kipimo ni watu. Jumatatu walifika themanini, na Jumatatu mbaya mia. Kamba za viatu zilifungwa mafundo ya ajabu. Wazee walishuka kwenye mizani kana kwamba wanashuka mlima. Karani aligonga kioo na daktari alitoa kichwa mlangoni kuuliza kama watu wamelala huko nje. Ndipo lilipotumika jambo alilofundishwa na bibi aliyemwachia kigoda, jambo ambalo wenyewe walikuwa na jina lake: kuvusha. Mgonjwa aliye mtu mzima, wa kila mwezi, unayemfahamu, usimsumbue. Fungua ukurasa wa nyuma, tazama kilo za mara iliyopita, zivushe mpaka leo.

"Mtoto mchanga usimvushe hata siku moja," bibi yule alimwambia, "na mjamzito usimvushe. Lakini mtu mzima? Mwili wake ulishajua unapokaa."

Basi foleni ilisogea, daktari hakufoka, na hakuna aliyekufa. Au kama alikufa, hakufia pale kwenye mizani.

Miongoni mwa watu wa kila mwezi alikuwemo wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Nyumba zao zilishikana ukuta. Mmoja akikohoa mwenzake anamwambia pole. Mume alipofariki, huyu wifi ndiye aliyehamia kwake miezi mitatu, akamlisha kwa kijiko, akamtolea nguo za kuvaa kama mtoto wa shule, na alipoona anazidi kuzama, akamfokea mpaka akacheka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlipa. Unabaki kumwombea tu.

Sasa mwaka mzima wifi alikuwa anaumwa ugonjwa usio na anwani. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa. Jasho lilimtoka wengine wakivaa sweta. Vikombe viligongana na visahani mkononi mwake, usingizi ulimkimbia, na njaa ilimshika kama deni: akimaliza sahani mbili, anaitazama ya tatu. Daktari wa kwanza alisema presha. Huyo alihamishwa, na wa pili akasema vidonda vya tumbo. Naye akahamishwa. Wa tatu, binti wa miwani mikubwa na sauti ya upole, alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaandika: wasiwasi, mawazo mengi. Akampa vidonge vya kutuliza.

"Mimi nina mawazo?" wifi alinung'unika siku hiyo. "Nina wazo moja tu, nalo ni la chakula."

Na kila alipofika kwenye mizani akihema, magauni yake mapana yakimpepea, mtandio umezungushwa shingoni, viatu vyake vina kamba nyingi, Mama Mizani alimwonea huruma. "Kaa, wifi yangu, usihangaike." Akafungua ukurasa wa nyuma. Sabini na moja. Akazivusha. Mwezi uliofuata, sabini na moja. Mara sita.

Siku moja foleni iliisha mapema. Msafishaji alikuwa ameshapitisha dekio na sakafu ilimeta kama ziwa dogo lisilo na upepo. Mama Mizani aliegemeza kichwa ukutani, akaanza sala yake fupi ya mchana, na usingizi ukamkuta katikati, Mungu bado mdomoni.

Akaiota sakafu ileile, mbichi ya maji. Watu wake wa kila mwezi walikuwa wanapita mmoja mmoja, viatu mkononi, bila neno, na kila mmoja aliacha nyayo zake: pana, nyembamba, za kuburuta. Nyayo zilibaki zikimeta, na ilikuwa raha kuzitazama. Mwisho kabisa akapita wifi. Alipita polepole, anatabasamu, kama mtu anayepita kwenye sherehe ya wengine, na nyuma yake maji hayakutikisika. Hakuna unyayo. Mama Mizani akapiga magoti, akapapasa sakafu kwa kiganja, baridi ikampanda mpaka kwenye kiwiko. Mlangoni alisimama marehemu mume wake, kofia mkononi, kama alivyokuwa akimngoja zamani atoke kazini. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona husemi kitu?"

Alizinduka shingo inamuuma na kiganja chake baridi. Sakafu ilikuwa imekauka.

Jioni hiyo uani, wifi alikuwa anaanika nguo, na upepo ulizijaza moja moja kisha ukaziacha. Mama Mizani aliona sketi ya kijani kwenye kamba. Kiunoni ilikuwa imekunjwa na kushikwa kwa pini nne.

"Wifi, pini za nini hizi?"

"Za kuizuia sketi isinitangulie dukani," alijibu wifi. "Lastiki imekufa."

"Lastiki."

"Eeh, lastiki. Unaijua lastiki? Au huko kwenu kila kitu ni kilo tu?"

Mama Mizani alicheka kwa sababu wifi alicheka. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika ile lastiki, nayo ilikuwa nzima, inavutika na kurudi.

Kesho yake ilikuwa zamu ya wifi kwenda kwa daktari. Alifika saa tatu, akatoa daftari, akajiandaa kukaa.

"Vua viatu, wifi."

"Eti?"

"Vua viatu, upande."

"Makubwa! Leo tumekuwa wageni?" Wifi aliwageukia watu wa kwenye benchi. "Mnamwona wifi yangu? Jana tumekula sahani moja, leo ananipima kama gunia."

"Panda tu, mama," mlinzi wa mlangoni alidakia, yule waliyemwita Kamanda kwa sababu ya buti zake. "Ukivunja mizani tutachanga."

Wifi alipanda. Mwanga wa dirishani ukamshika, na mara moja, ndani ya ule mwanga, alionekana kama nguo iliyotundikwa. Mshale ukapanda. Ukapita hamsini, ukasita, ukatetemeka. Mama Mizani aliungoja uendelee. Aliungoja kama mtu anayengoja mgeni ambaye tayari amesikia hatua zake zikirudi nyuma.

Hamsini na nane.

"Shuka. Panda tena."

Hamsini na nane.

Ukurasa wa nyuma ulisema sabini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, wa duara, wa mtu aliyesifiwa mwandiko darasa la saba. Na ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma yake. Akaandika 58. Akajipa moyo: daktari ni msomi, ataiona tofauti, ataelewa. Hakuna haja ya kuongeza neno. Akampa wifi daftari na mkono wake ukabaki hewani kidogo.

Haikuchukua muda. Wifi alitoka anacheka, na daftari limefunguka. Ile 58 ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Juu yake, kwa wino mweusi wa daktari: 71.

"Anasema mizani yako imechoka," wifi alisema. "Anasema, kilo kumi na tatu ndani ya mwezi mmoja? Ningekuja nimebebwa. Kaniongezea vidonge vya kutuliza. Nitatulia mpaka mnitafute kwa tochi."

Akaenda zake kwenye dirisha la dawa, viatu mkononi kwa kuchoka kuvifunga.

Mama Mizani alibaki anazitazama zile namba mbili zilizolaliana kwenye rejesta ya kichwa chake. Kelele za zahanati zilimjia kutoka mbali, kana kwamba amezamisha masikio kwenye maji: mtoto analia, karani anagonga kioo, Kamanda anamwelekeza mtu choo. Alipanda mizani yeye mwenyewe. Sitini na sita, kama wiki iliyopita, kama kawaida yake. Mizani haikuwa imechoka hata chembe.

Alijua bei ya kusema. Mwaka uliotangulia, mhudumu mmoja alikutwa anaandika joto la wagonjwa bila kuwawekea kipimajoto, na kabla ya saa sita alikuwa getini na mkoba wake. Na hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kwamba wifi angesikia. Angejua kwamba mtu ambaye yeye alimlisha kwa kijiko, ilipofika zamu yake ya kumtunza, alimwandika tu bila kumtazama.

Lakini dirisha la dawa lilikuwa na watu wawili tu, na wifi alikuwa wa pili.

Akapiga moyo konde. Akapita mbele ya benchi zima, watu wakiguna kwamba hata wenye zahanati wanaruka foleni, akafungua mlango bila kubisha.

"Daktari, mizani ni nzima."

Daktari aliinua macho. Mbele yake kulikuwa na kijana mwenye mkono uliofungwa kitambaa. "Mama, nina mgonjwa."

"Mizani ni nzima. Mbovu ni zile sabini na moja. Sikumpima. Nilizitoa ukurasa wa nyuma."

"Lini?"

"Mara zote. Mara sita."

Kijana aliutazama mkono wake kana kwamba ndio uliosema. Daktari alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo sana, binti wa mtu.

"Kwa nini?"

"Foleni," alisema Mama Mizani. Kisha akaona haya, kwa sababu lilikuwa kweli lakini halikuwa lote. "Na huruma. Alikuwa anachoka kuvua viatu."

Daktari alifungua droo, akaifunga.

"Unajua mimi nilisema nini moyoni?" alisema mwishowe, polepole. "Nilisema, huyu anakula na uzito haushuki, basi mwili hauna neno, ni mawazo. Ile sabini na moja ndiyo iliyoniambia." Akasimama. "Yuko wapi?"

"Dirisha la dawa."

"Mwite. Wewe kijana, nisamehe, kaa hapo hapo nje kidogo."

Kamanda ndiye aliyemwita, kwa sauti ya gwaride, na wifi akarudi akiuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Daktari hakufungua daftari. Aliliweka kando, uso wake chini. "Mama, tuanze kama vile hujawahi kuja hapa. Nisimulie."

Na wifi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akijibu ndiyo na hapana, akasimulia. Alisimulia jasho, alisimulia ngazi tatu za mlangoni kwake zilizogeuka kuwa thelathini, alisimulia nywele zinazobaki kwenye kitana, na jinsi usiku anavyousikia moyo wake ukipiga ndani ya mto kama mtu anayetaka kufunguliwa. Daktari alimwambia anyooshe mikono mbele. Kisha akachukua karatasi moja nyeupe, akailaza juu ya vidole vyake. Karatasi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka haraka, kwa mlio mdogo, kama bawa la mdudu kwenye kioo, na wote watatu wakaisikiliza.

"Vua mtandio, tafadhali."

Wifi alivua. Daktari akampa kikombe cha maji. "Funda moja. Meza."

Kwenye koo, chini kidogo, kitu laini kilipanda na kushuka pamoja na maji. Kilikuwa kidogo, si cha kumshtua mtu njiani. Lakini ukishakiona, humwoni tena mtu bila kukiona.

"Kuna tezi hapa shingoni," daktari alisema, "kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Nadhani yako imesahau kusema basi. Tutatoa damu, ipelekwe hospitali kubwa, ndipo nitakuwa na hakika. Sitaandika jina la ugonjwa leo. Nimeshaandika mengi." Akazungusha miwani mkononi. "Miezi minne unakuja kwangu, sijawahi kukwambia uvue mtandio. Hilo ni langu."

"Na lingine ni la nani?" wifi aliuliza, kwa sababu hakuwa mjinga.

Mama Mizani alikuwa amesimama kando ya mlango. Akasema. Alisema yote, hakupunguza, na alipofika kwenye neno huruma hakulitaja.

Wifi alijifunga mtandio wake upya, mzunguko baada ya mzunguko. Hakutukana, na hilo ndilo lililomkata Mama Mizani maini. Alitoka nje, akatoa mkono wake kwa mtoa damu, akaenda nyumbani.

Majibu yalichukua siku tisa. Kwa siku tisa ukuta kati ya nyumba zile mbili ulikuwa ukuta. Mama Mizani alisikia kikohozi upande wa pili, akasema pole kwa mazoea, na pole ikarudi kwake mwenyewe. Alisikia kikombe na kisahani. Alisali kwa maneno machache, maana maneno mengi yalionekana kwake kama kujitetea. Kazini alipima kila aliyekuja, mwenye kamba na asiye na kamba, foleni ikafika getini, karani akagonga kioo mpaka akachoka, naye akawa anajibu, "Nasikia," bila kuinua kichwa. Mganga mkuu wa zahanati alipoelezwa alimpa barua ya onyo tu, kwa kuwa alijisema mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na kitambulisho.

Siku ya kumi bahasha ilifika. Ilikuwa tezi kweli, inakimbia maradufu. Daktari alimweleza wifi kwamba dawa ipo, vidonge vya kuituliza tezi yenyewe na vingine vya kuupunguzia moyo mbio, na kwamba lazima arudi kupimwa damu bila kukosa. Alisema pia, kwa sababu aliulizwa, kwamba mwaka mwingine wa namna ile moyo usingeuvumilia.

Wiki ya tatu ya dawa, Jumamosi alfajiri, ukungu bado umelala barabarani, Mama Mizani alitoka na karatasi iliyokunjwa. Yeye na daktari walikuwa wamekaa na rejesta mchana kutwa, wakitafuta watu ambao kilo zao hazikusogea hata nukta kwa mwaka. Walipata kumi na tisa. "Wengine kweli hawajabadilika," daktari alisema. "Lakini hatuwajui ni wepi." Wenye simu walipigiwa. Waliobaki walikuwa saba, na mitaa yao ilijulikana.

Alikuwa anafunga mlango aliposikia komeo la pili.

"Unakwenda wapi na uso huo?" wifi aliuliza kutoka kizingitini kwake. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile.

Mama Mizani alimwonyesha karatasi. Wifi aliisoma jina kwa jina, akiishika kwa mikono miwili. Karatasi ilitulia karibu yote. Ncha moja tu ndiyo iliyopepea.

"Utawaambiaje?"

"Nitawaambia sikuwapima."

"Hivyo hivyo, asubuhi asubuhi, mtu hajanawa uso? Watakumwagia maji." Wifi alirudi ndani. Zikasikika kabati, droo, kiatu kilichoanguka. Alitoka amevaa sketi ya kijani, na kwa kuwa hakutaka kusubiri, kamba za viatu vyake zilikuwa zinaburuta. "Bado nina hasira na wewe, usifikiri zimekwisha. Zitakwisha siku zikitaka. Inama unifunge hizi kamba."

Mama Mizani alipiga magoti palepale kwenye vumbi lenye umande akazifunga, mafundo mawili mawili, bila haraka, huku mkono wa wifi umemshika bega kujizuia asianguke, nao ulikuwa mwepesi, lakini ulikuwepo.

Wakaenda. Ukungu uliwaachia nyumba moja moja, mlango wa bluu, dirisha lenye taa, baiskeli iliyolazwa. Walipumzika mara mbili kwa ajili ya moyo wa wifi. Nyumba ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa ya mshona viatu mstaafu, kilo hamsini na tano, mara tisa. Mama Mizani aliinua mkono kubisha, ukamganda.

Wifi akamsogeza kwa kiwiko, akabisha mwenyewe.

"Hodi!" aliita. "Fungua, mzee wangu, si wadai. Tumetoka zahanati. Huyu mwenzangu ana neno la kukwambia, na mimi nimekuja uone mtu aliyeambiwa neno hilo akasalimika."

Ndani, kiti kilisukumwa, na hatua za polepole zikaanza kuja.